Waya wa Dishi na Mke Mwenzangu

Mume wangu alipokufa, ndugu zake waligawa sanduku lake la kazi kama watu wanaogawa mbuzi. Tulikuwa wake wawili. Baba yake mkubwa, aliyesafiri kutoka mashariki kuja kusimamia haki, alitaka kila mmoja wetu apate sawasawa na mwenzake, asije mtu akalalamika baadaye. Basi akamwaga vyombo vyote juu ya mkeka. Mimi, mke mkubwa, nikapewa chuma cha kulehemu. Risasi ya kulehemea akapewa mke mdogo. Mke mdogo akapewa na koleo ya kubania vichwa vya waya wa dishi. Vichwa vyenyewe, vile vya chuma vya kufungia waya kwenye dishi, kopo zima, nikapewa mimi. Mzee akajifuta mikono, akasema haki imetendeka, akaomba chai.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini hata mimi niliona kwamba kwa mgawo ule hakuna mjane hata mmoja atakayefanya kazi. Nilinyamaza kwa heshima ya msiba. Mke mwenzangu naye alinyamaza, ila yeye alinyamaza huku akikunja blanketi la marehemu na kulisukumiza kwenye mfuko wake. Blanketi halikuwa kwenye mgawo, na baada ya matanga nilimwita mwizi mbele ya watu. Naliandika hapa ili lijulikane.

Baadaye mto Nyamwamba ukaja ukachukua nyumba yangu pale Kasese. Watu husema ni kazi ya Mungu. Mungu simlaumu. Nawalaumu waliochimba mchanga kwenye kingo mpaka mto ukakosa pa kuegemea, na nawalaumu wale waliokuja na buti safi kutuhesabu, wakatuhesabu tena, wakarudi kuhakikisha kama tulihesabiwa. Wakisoma hapa watajijua. Niliondoka na sufuria kubwa na mfuko uliokuwa unaning'inia darini. Ndani ya mfuko mlikuwa na chuma cha kulehemu na kopo la vichwa. Kitanda kilikwenda na maji, na sijui ni nani anakilalia huko ziwani.

Nikahamia Bwera, nikafungua hoteli. Nikisema hoteli msifikirie vitanda. Ni chumba kimoja kando ya barabara iendayo Mpondwe mpakani, chenye meza ndefu na mabenchi. Napika bundu, yaani ugali wetu wa muhogo, napika sombe ya majani ya muhogo, samaki na maharage. Wateja wangu wengi ni akina mama wa sokoni, wa upande wetu na wa upande wa Kongo, na hawaji kwa ajili ya sombe yangu peke yake. Wanakuja saa nane kutazama mchezo.

Mchezo ule wa televisheni ulikuwa wa nchi za mbali, lakini kulikuwa na mwanamume mmoja anayeutafsiri kwa Kiganda, anasema sauti za watu wote, bibi harusi yeye, mtoto mchanga yeye, mbwa pia yeye. Wasiojua Kiganda walitafsiriwa na mama mmoja muuza samaki, na wakati mwingine tafsiri yake ilikuwa tamu kuliko mchezo. Kisa kilikuwa cha mama mkwe tajiri aliyebadilisha watoto wawili hospitalini. Kwa muda mrefu tulimjua mwovu ni nani, ila wenyewe kwenye televisheni hawakumjua, na hilo lilituumiza sana.

Mwenye nyumba wangu, mfanyabiashara wa kahawa, alikuwa ameweka friji lake la soda ndani ya chumba changu. Wateja wakijaa, soda zake zinakwisha, naye ananiacha nikae. Wateja wakipungua, anaanza kusema habari za saluni. Kuna mwanamke alikuwa akimsumbua ampe kile chumba aweke vioo na madrai ya nywele. Kwa hiyo mjue jinsi ilivyokuwa: mchezo ukikatika, akina mama wanavuka barabara kwenda kwa jirani yangu, mwenye televisheni kubwa ya mieleka. Wakivuka, mimi natolewa. Nilishatolewa na mto, sikuwa tayari kutolewa na saluni.

Na wiki ile ile mama mkwe alipokaribia kukamatwa, mvua ikanyesha, na televisheni ikaanza kukata picha vipande vipande. Uso wa bibi harusi ukawa miraba. Kisha giza, na maandishi.

"Iko naandika nini pale?" aliuliza muuza samaki.

"Inasema hakuna mawimbi," nikamwambia.

"Basi tuko sawa naye. Hata mie leo sina kitu."

Walicheka, wakala, lakini wakati wa kuondoka wawili walikuwa tayari wanatazama ng'ambo.

Ugonjwa niliujua mara nilipopanda kwenye kiti na kuufungua waya nyuma ya dishi. Fundi aliyenifungia, na huyu naye anajijua, alitumia vile vichwa vya kuzungusha kwa vidole. Unachuna waya, unakizungusha kichwa kama kizibo cha chupa, unalipwa, unakwenda zako kabla mawingu hayajakusanyika. Kichwa kile kilikuwa kinacheza kama jino la mtoto. Maji yaliingia hapo, yakashuka ndani ya waya.

Nikajisemea, hii ni kazi yangu. Mume wangu alikuwa mtu wa redio za jeshi. Miaka tuliyokaa kambini nilimshikia taa akilehemu waya za antena, mpaka siku moja akanipa chuma nikalehemu mwenyewe. Alikuwa akisema kichwa kisicholehemiwa ni kofia tu, upepo ukija kinaondoka. Vichwa alivyolehemu yeye ungeweza kuvifunga kwenye lori ukavuta. Chuma chake ni cha zamani, ncha ya shaba na mpini wa mbao, unakitia kwenye makaa mpaka kiwe tayari. Makaa ninayo siku zote. Nikanunua risasi yangu, maana ya urithi iko kwa mke mwenzangu, nikaketi mlangoni na ule waya na kichwa chake kibovu, kwa furaha kabisa.

Risasi ilishika uzi wa katikati vizuri. Ilipofika kwenye wavu, zile nyuzi nyembamba zinazozunguka plastiki nyeupe, ikakataa. Ilijikusanya matone kama maji juu ya jani la jimbi, ikaviringika, ikadondoka kwenye gauni langu. Nikaongeza moto. Plastiki nyeupe ikayeyuka, uzi wa katikati ukazama ukagusana na wavu. Nilipochomeka, dekoda ikawaka mara moja, ikazima, ikakaa kimya kama mtu aliyetukanwa.

Nilikwangua wavu kwa kisu. Ulikuwa mweupe, mwepesi, madini yale yale ya sufuria zangu. Na aliyeniuzia waya ule aliniapia kwamba ni shaba tupu kutoka nje mpaka ndani. Duka lake liko karibu na stendi ya Kasese, limepakwa rangi ya kijani. Jina nimelimeza.

Basi nikabaki na kopo. Vichwa vilivyokuwemo ni virefu, vyeupe, vina pete ya plastiki nyuma. Havizungushwi wala havilehemiwi. Vinabanwa. Nilijaribu kwa koleo ya gereji, nikaponda kimoja. Nikajaribu kwa jiwe, nikaponda cha pili na kidole. Vilitaka ile koleo yenye taya mbili za kusukumana, na ile koleo mnajua iko kwa nani.

Nilikwenda Kasese kesho yake asubuhi, mfuko wa vyombo begani. Nilimkuta mke mwenzangu upande wa Nyamwamba, juu ya paa la nyumba ya askari mmoja, anageuza dishi. Sikujua kwamba anafanya kazi hiyo. Alikuwa amevaa suruali. Suruali ile niliijua, kiraka cha goti nilikishona mimi. Nayo haikuwa kwenye mgawo.

"Jambo, mukubwa," alisema kutoka juu, bila kushangaa.

"Shuka."

"Mie minashuka namna gani, niko kwa kazi. Weye uko na shida ao uko na maneno?"

"Niko na vyote viwili."

"Anza na shida. Maneno tutakula nayo."

Mwenye nyumba, afande mnene aliyekuwa chini ameshika ngazi, akaniuliza kama sisi ni ndugu. Nikamwambia ni zaidi ya hapo. Akatutazama kwa zamu, akaacha ngazi, akaenda kusimama mbali kidogo.

Mke mwenzangu alishuka. Ni mfupi kuliko mimi, ametoka Kasindi, upande wa Kongo, na anacheka haraka, jambo ambalo zamani lilinikera. Nilimweleza habari za waya. Nilipofika penye makaa akaweka mkono mdomoni.

"Ulilehemu waya ya dishi?"

"Mume wako alinifundisha."

"Mume yetu. Na mie aliniambia mutu mwenye kulehemu waya ya dishi, bamupeleke hospitali."

"Mimi aliniambia kichwa kisicholehemiwa ni kofia."

"Alisema vile?"

"Mara nyingi."

"Siku gani?"

"Kambini. Wakati wa redio."

"Ah," akasema. "Mie nilimukuta wakati wa dishi."

Tulikaa kwenye ngazi ya mlango wa afande tukilifikiria. Waya wa redio za jeshi ulikuwa mnene, wavu wake shaba, unapenda risasi. Waya wa dishi wa siku hizi wavu wake ni wa sufuria, na plastiki yake ni laini kama ndizi iliyoiva, moto unaiua. Huku unalehemu, huku unabana. Marehemu alilijua hilo, ila kila mmoja wetu alimpa nusu, na akaisema kama vile ndiyo yote. Kwa miaka mingi nilidhani mwanamke huyu aliolewa na mume wangu. Kumbe tuliolewa na mafundi wawili tofauti.

"Nipe koleo," nikamwambia. "Nitairudisha."

"Pensi yangu haitembei bila mie." Ndivyo anavyoiita ile koleo, pensi. "Blanketi uliniitia mwizi mbele ya batu, leo nikupe pensi?"

"Blanketi uliiba."

"Blanketi nilinunua mie, kwa pesa ya mihogo yangu. Uliuliza?"

Sikuwa nimeuliza. Lakini suruali je? Nikaamua suruali niiweke akiba.

Naye alikuwa na lake. Kanisa moja kule Maliba lina redio ndogo ya kutangazia, na waya unaopanda kwenye mlingoti ni ule wa kizamani, mnene, wa shaba. Yeye alikuwa ameubana kwa koleo yake kama anavyobana kila kitu. Kichwa kilichomoka, akabana tena, kikachomoka tena. Mchungaji alikuwa amemwambia kwa upole wa kutisha kwamba Jumapili waumini wa milimani wanasubiri kusikia matangazo ya ndoa. Risasi anayo, ile ya urithi. Chuma hana.

"Leta chuma yako, nilete pensi yangu," akasema. "Lakini chuma naikamata mie kuanzia sasa, usikimbie."

Nikampa. Akakitia kwenye mfuko wa suruali ile.

Ijumaa, siku ya mwisho wa mchezo, alifika Bwera jua likiwa juu. Nilikuwa nimeshapika. Ndani mwenye nyumba alikuwa na yule mwanamke wa saluni, wanapima ukuta kwa utepe. Mwanamke yule alikuwa anaonyesha kwa kidole mahali pa kioo cha kwanza, juu ya kichwa cha muuza samaki, aliyekuwa ameshaketi.

"Mama, niinamishe kichwa ao kioo kitapita?" muuza samaki alimuuliza.

"Tunapima tu, mama."

"Pima. Lakini leo mama mukwe anafungwa. Kama hatumuoni, tunakwenda kumuonea ng'ambo, na wewe utabaki kusuka nywele ya friji."

Mwenye nyumba aliniambia kwa upole kwamba hiki chumba siku hizi kinakaa bure, kwamba yeye hana ubaya na mtu, biashara ni biashara. Nilimwambia asubiri saa nane. Akatazama saa yake, akatazama soda zake zilizolala, akakaa mlangoni na utepe mkononi.

Mke mwenzangu alikuwa ameshapanda kwenye kiti nje, penye dishi. Alikata waya penye kichwa kibovu, akauinamisha, na maji yakatoka ndani yake. Akakata tena juu kidogo, maji. Akakata tena. Wavu ulikuwa umegeuka mweusi sehemu ndefu, na kila alipokata mimi nilisikia maumivu, maana ule ndio waya niliokuwa nao.

"Unaumaliza," nikamwambia.

"Niache kipande chenye kuoza ndani? Weye unapika samaki yenye kuoza?"

"Wengine hapa wanasema ndiyo," alijibu muuza samaki kutoka dirishani.

Mwishoni akafika kwenye wavu unaong'aa. Akachuna kwa kisu taratibu, asiguse uzi wa katikati. Akaukunja wavu nyuma juu ya ngozi nyeusi ya waya. Nikampa kichwa kutoka kopo langu, akakisukuma mpaka plastiki nyeupe ikaonekana usawa wa tundu. Akakiweka kwenye taya za koleo, akabana. Kikalia ta. Akanipa nikivute. Nilivuta kwa nguvu zote nilizobakiza duniani, nikiwa na hamu kidogo kitoke ili nimwonyeshe kwamba marehemu alikuwa upande wangu. Hakikutoka. Alikifunga kwenye dishi, akazungushia utepe wa mpira wa tairi la baiskeli.

Kichwa cha pili kilikuwa cha ndani, na hapo tukaona tulichofanya. Waya ulikuwa umepungua. Ulipita dirishani, ukaingia chumbani, ukaishia hewani mbali na televisheni.

"Unganisha na kipande kingine," nikasema.

"Kingine iko wapi?"

Hakikuwepo. Wengine wakaanza kukusanya vitenge vyao, na mmoja alishafika barabarani. Mke mwenzangu aliushika ule waya, akautembeza ukutani kama mtu anayetafuta panya, na mahali ulipofikia palikuwa friji la mwenye nyumba.

"Hapana," alisema mwenye nyumba kabla hatujamwomba. "Friji yangu haibebi kitu."

"Inabeba soda, bwana," nikamwambia.

"Soda iko ndani."

"Leo itabeba na juu," alisema mke mwenzangu, na alishaninyanyulia upande mmoja wa televisheni. Akina mama wawili walinyanyua dekoda. Mwenye nyumba alizunguka akisema kioo, kioo, jihadharini na kioo, na mwisho yeye mwenyewe akaishika televisheni isianguke, hivyo ni yeye aliyeipandisha juu ya friji lake.

Koleo ikalia ta mara ya pili. Nikachomeka. Dekoda ikawaka, ikafikiri. Hakuna aliyetafuna.

Picha ikaja, safi mpaka ukaona jasho kwenye pua ya mama mkwe.

Yule aliyekuwa barabarani alirudi anakimbia. Tulimwona mama mkwe akilia machozi ya uongo, kisha ya kweli, polisi wakamshika mkono, na yule mwanamume wa Kiganda akawasemea polisi na mama mkwe kwa pamoja mpaka akakohoa. Muuza samaki hakutafsiri kitu, alikuwa analia. Mwanamke wa saluni alikaa kwenye benchi na kuomba sombe. Na kwa kuwa macho ya chumba kizima yalikuwa yanatazama friji, na soda zimepangwa chini ya picha zinatoa jasho la baridi, watu walianza kuagiza bila hata kugeuza shingo. Mwenye nyumba aliweka utepe mfukoni ili apate mikono miwili ya kufungulia chupa.

Mke mwenzangu alikula kwenye kona. Alisema sombe yangu haina mawese ya kutosha. Nikamwambia yeye ametuharibia waya. Akaongeza bundu.

Jumamosi tulikwenda Maliba. Mchungaji alitupatia makaa kwenye jiko la jikoni kwake, mke mwenzangu akatoa chuma changu na risasi yake, na mimi nikalehemu waya ule mnene mbele yake taratibu, nikimwonyesha jinsi shaba inavyoipokea risasi, inavyoinywa, inavyong'aa kisha inavyofifia ikipoa. Alitazama bila kucheka. Aliuliza kama marehemu alikuwa akishika hivi au hivi. Nilimwonyesha. Alijaribu kichwa cha pili, kikawa kibaya, akajaribu tena, kikawa cha wastani. Mchungaji alikivuta akaridhika. Blanketi sikulitaja siku ile. Suruali niliitaja, tukiwa njiani kurudi, akasema nilete kiraka kingine, hicho kimeanza kuachia.

Jumatatu niliamka na wasiwasi, maana mchezo ulikuwa umekwisha na mama mkwe yuko jela, na akina mama hawana sababu ya kuja. Nilipika nusu. Saa nane kasorobo wakaanza kuingia, wanagombania mabenchi ya mbele. Kwenye televisheni lilikuwa tangazo la mchezo mpya, na muuza samaki alikuwa ameshajua habari zake zote, sijui kwa njia gani.

Mwenye nyumba alikuwa anapanga kreti kando ya friji. Alimwinamia muuza samaki akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayepanga mambo yake, huu mpya utaisha lini.

"Ule ulichukua mwaka na zaidi," akamwambia. "Na huu iko na mapacha."

Akafikiri kidogo. Kisha akaniuliza kama jikoni kwangu kuna nafasi ya kuweka kreti nyingine.